Kadi ya Watu Thelathini na Wanne

"Hongera, bibi," Noela alisema, akiinama dirishani ili asikike vizuri. "Mimba yako ina wiki kumi na nne."

Benchi zima la wagonjwa likageuka. Bi Hamisa, mwanamke wa miaka sitini na saba mwenye wajukuu watano, alikuwa amekuja Jumatatu hiyo kuchukua dawa zake za presha kama anavyofanya kila mwezi. Alishika ukingo wa dirisha, akampima yule nesi mgeni kwa macho, juu hadi chini.

"Mimba ya nani?"

"Yako. Mashine ndiyo inasema. Na kliniki umeshahudhuria mara mbili."

"Basi iulize hiyo mashine baba yake nani. Maana mume wangu nimemzika, huu mwaka wa tisa."

Kicheko kikalipuka, kikaenda hadi kwa mama mmoja aliyekuwa na jino linalomuuma, naye akacheka huku ameshika shavu. Noela mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Alikuwa na wiki mbili tu pale Zahanati ya Mama Elinaza, Chamazi, na hakuwajua wagonjwa. Bi Hamisa alipoona watu wamependezwa, akaongeza, "Nipeni basi na chandarua cha wajawazito, nisitoke mikono mitupu."

Mmoja tu hakucheka. Shamimu, karani wa mapokezi, alikuwa amekaa nyuma ya Noela na kalamu mkononi, na kalamu ile haikuandika kitu. Bi Hamisa alikuwa mama mkwe wake, wakiishi nyumba moja. Na ile mimba ilikuwa yake Shamimu.

Hakuwa amemwambia mtu. Mimba mbili za kwanza zilitangazwa mapema, zikatoka mapema, na kwa miezi majirani wakawa wanampa pole hata akienda kununua vitunguu. Safari hii aliapa kunyamaza mpaka tumbo lenyewe liseme. Hata mumewe hakujua. Aliyejua ni Sista Gladness wa kliniki ya wajawazito, ambaye sasa alikuwa likizo kwao Moshi.

"Itakuwa mtandao," Shamimu alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Noela, mpe tu dawa zake. Zile nyeupe, moja kila asubuhi."

Bi Hamisa alipokea dawa zake, akamtazama mkwewe kidogo, akaenda zake.

Wagonjwa walipopungua Shamimu aliifungua ile kadi kwenye kompyuta. Juu palikuwa na jina la mama mkwe wake. Chini yake palikuwa na pumu ya Bi Mwanahawa, sukari ya Mzee Kibwana, jicho la Mzee Mpate, goti la Mzee Suhaib. Akatafuta jina la Mzee Suhaib peke yake. Kadi ikaja ileile. Akaandika jina lake mwenyewe, taratibu, kama anayefungua barua ya mtu. Ileile.

Alielewa nusu, na nusu ile ilitosha kumtisha.

Mfumo ule uliletwa na kijana mmoja, Fredrick, miaka mitatu nyuma. Aliuita programu huria. Alieleza kwamba umeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, hawauuzi, kila mtu anaruhusiwa kuuchukua, kuutumia, hata kuubadilisha. Daktari Adelard, mwenye zahanati, katika maelezo yote yale alisikia neno moja: bure. Fredrick alipomaliza kuufunga, wakaagana, na toka siku hiyo hakuna aliyeuangalia. Kila asubuhi kwenye kioo kilikuja kiboksi cha kuuliza kama wanataka toleo jipya. Kila asubuhi Shamimu alibonyeza "Baadaye". Ikapita miezi saba ya baadaye. Ijumaa iliyopita daktari alikuwa amesimama nyuma yake, kiboksi kikaja, akachoka nacho. "Cha bure kinakuletea kingine cha bure, unakikataaje? Bonyeza ndiyo, yaishe." Yakaja maandishi marefu ya Kiingereza. "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo tena." Akabonyeza.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo daktari hakulijua. Mfumo haukukubali kumsajili mtu asiye na namba ya simu. Ukiacha wazi, mstari unawaka mwekundu, na huendi mbele. Wazee wengi wa Chamazi hawakuwa na simu. Basi Shamimu akawa anawawekea namba yake. Ujumbe wa kukumbusha kliniki ukija kwenye simu yake, jioni anapita kwa mzee huyo, anabisha hodi, anamwambia, "Kesho usisahau." Wazee thelathini na wawili. Ukimjumlisha Bi Hamisa, na yeye mwenyewe, thelathini na wanne.

Toleo jipya lilipoona namba moja ina kadi thelathini na nne, likaona ni mtu mmoja amesajiliwa mara nyingi kwa makosa. Likawaunganisha.

Alitakiwa kusema palepale. Alijua. Lakini kusema kwamba kadi zimechanganyika ni kuulizwa mjamzito ni nani. Akajiambia ataitengeneza mwenyewe kimyakimya watu wakienda kula. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile, kadi ikabaki moja. Akajiambia, kesho.

Siku iliyofuata, Shamimu akiwa maabara kupeleka majibu, alikuja Mzee Suhaib na goti lake. Noela akafungua kadi, bila kutazama jina lililokuwa juu. Ilionyesha kwamba mgonjwa amechelewa wiki moja kuchukua vidonge vya sukari. Akampa vya goti na vya sukari, akamgombeza kidogo kwa kuchelewa.

*

Mzee Suhaib hufunga Jumatatu na Alhamisi. Alhamisi alikula daku, akanywa na vile vidonge alivyopewa, akalala. Saa tano asubuhi binti yake alimkuta sakafuni, jasho limemlowesha kanzu, anaongea maneno yasiyoshikana. Wakampeleka hospitali kubwa. Huko walimwekea dripu ya sukari, na hadi saa tisa alikuwa amekaa kitandani anauliza nani amemfungia mbuzi wake.

Binti yake alikuja zahanati na boksi la vidonge mkononi. Hakupiga kelele. Aliliweka mezani kwa daktari, akasema, "Baba yangu hana sukari. Hajawahi kuwa nayo." Kisha akakaa, akasubiri.

Alipoondoka, Daktari Adelard alimwita Shamimu. Alikuwa mtu mpole wa Bukoba, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku za mvua, na siku ile upole ulikuwa umempotea pasipojulikana.

"Nipe namba ya kampuni."

"Kampuni gani, daktari?"

"Yenye huu mfumo. Niwapigie. Waje waone walichofanya."

"Haina kampuni."

"Binti, hata kiberiti kina kampuni."

"Fredrick alisema ni ya watu wote, daktari. Imeandikwa na wengi."

"Sasa mie watu wote nawapigia kwa namba ipi?"

Daktari akafungua droo, akatoa faili la kijani, akalipekua mpaka kwenye karatasi yenye mistari. Rejesta ya Vihatarishi. Wakaguzi waliitaka mwaka jana. Ikajazwa mchana mmoja, kwa haraka, wakati chai inapoa. Shamimu aliukumbuka mwandiko wake. Kihatarishi: mfumo kuharibika. Uwezekano: mdogo. Hatua za kudhibiti: zipo. Na kwenye safu ya mwisho, Mmiliki wa Kihatarishi, kwa kuwa kila mtu alikuwa amekataa kuandika lake, palikuwa na jina: Shamimu Kondo.

"Huyu ni nani?"

"Ni mie, daktari. Lakini ulisema niandike tu jina lolote."

"Na ukaandika la kwako." Alisema kwa masikitiko, kana kwamba hata yeye hakupenda alichokuwa anakisoma. "Na simu. Nimeangalia. Wagonjwa wote wale wana namba yako. Kwa nini wagonjwa wangu wawe na namba yako? Unawauzia dawa nyumbani?"

"Hapana, daktari!"

"Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Nitawaambia nini? Mwenye programu hayupo, mwenye kihatarishi ni karani."

Akamkabidhi barua. Ilikuwa imeshachapwa. Utoe maelezo kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu. Mpaka hapo, ukae nyumbani. Noela, aliyekuwa dirishani, alijifanya kuhesabu bomba za sindano.

*

Ijumaa mchana, watu wametoka msikitini, Mwishehe alimkuta mkewe, Shamimu, amekaa ukumbini na karatasi tupu. Mwishehe alikuwa fundi wa friji. Mikono yake ilinukia gesi hata akiwa amevaa kanzu. Akasoma barua ya daktari mara mbili.

"Ngoja nielewe," alisema, akijivutia sahani ya wali. "Mtu ametengeneza kitu, akakigawa bure. Kikaleta balaa. Anayefungwa nani?"

"Sijui."

"Mie nikimtengenezea mtu friji bure, ikamlipukia, wataniacha?"

"Hawajatengeneza vibaya. Waliandika kwamba wataunganisha kadi zenye namba moja. Ilikuwa kwenye yale maandishi."

"Mlisoma?"

"Daktari alisema ndiyo."

"Kwa hiyo mwenye kosa daktari."

"Aliyebonyeza mie."

"Kwa hiyo wewe."

"Lakini namba niliwawekea kwa sababu mashine ilikataa."

"Kwa hiyo mashine." Mwishehe akaacha kijiko. "Shamimu, hii kesi inazunguka kama feni. Mie nimeshapotea."

Bi Hamisa alikuwa mlangoni anachambua mchicha, na kila mtu alidhani hasikilizi. "Kule kwetu Kunduchi kulikuwa na kisima cha wakfu," alisema. "Hakikuwa cha mtu. Aliyekichimba alishakufa, na alikiachia kila mwenye kiu."

"Mama, hapa tunaongelea kompyuta."

"Na mie naongelea kompyuta. Kamba ikikatika, hakuna aliyeuliza kisima cha nani. Ulikwenda kwa Mzee Mwinyikondo, maana kamba ilikuwa kwake. Kisima hakikuwa chake, lakini kamba ilikuwa yake, na watu walimpa kidogo kidogo ili kamba ipatikane. Mbaya yule, mchoyo, alikuwa anatuhesabia ndoo. Lakini kamba ilikuwepo." Akatupa mzizi. "Nyie kamba yenu iko kwa nani?"

Mwishehe alirudi kwenye wali. Shamimu alitazama karatasi yake. Alikuwa ameandika, "Mheshimiwa Daktari, kwa heshima na taadhima." Baada ya hapo kila sentensi ya kweli ilianza na neno Jumatatu, na kila iliyoanza na Jumatatu iliishia tumboni mwake.

Alitoka uani akampigia Fredrick. Siku hizi alikuwa Madale, akiangalia mifumo ya kiwanda.

"Sista Shamimu! Bado mpo hai? Mie nilimwandikia daktari barua tatu. Nikasema nilipwe kidogo kila mwezi niwe nausimamia, kila toleo jipya niwe nalijaribu kwanza pembeni kabla halijawafikia. Unajua alinijibu nini? 'Kitu cha bure unanitozaje?' Nikanyamaza."

Shamimu akamweleza yote, isipokuwa moja. Upande wa pili pakasikika vidole vikigonga kibodi.

"Hazijafutika," Fredrick alisema. "Kila hudhurio lina tarehe yake. Naweza kuzitenganisha nikiwa hapahapa. Ila mashine haijui lipi la nani. Lazima akae mtu, aseme hili la huyu, hili la yule. Moja moja. Nani anawajua?"

Shamimu alianza kuwahesabu kwa vidole.

"Si ndiyo wewe," Fredrick alisema. "Halafu sista, ile namba ya simu kuwa lazima. Kulikuwa na mahali pa kuizima. Toka mwanzo. Ni kiboksi kimoja tu cha kubonyeza."

"Toka mwanzo?"

"Toka mwanzo. Iko wazi, kila mtu anaweza kuona. Hakuna aliyeangalia. Hata mie sikuangalia. Kwa hilo unisamehe."

Alikaa uani muda mrefu, simu imezimika mkononi. Miaka mitatu ya kubisha hodi kwa watu, kumbe palikuwa na kiboksi kimoja tu. Hakujua acheke au alie, na hakufanya hata kimoja.

*

Daktari alikubali Shamimu aje kuzitenganisha kadi kwa sababu ya wakaguzi wa Jumatatu, si kwa sababu yake. Jumamosi asubuhi Mwishehe na rafiki yake mwenye bajaji walizunguka nyumba kwa nyumba, wakifuata orodha aliyoiandika Shamimu kwa kichwa. Wazee wakaja. Wengine walibeba mifuko ya maboksi matupu ya dawa, mmoja alikuja na chupa ya dawa ya kikohozi ya mwaka juzi, ili wasije wakasema hana ushahidi.

Daktari alitaka waitwe kwenye benchi, kila mmoja ataje magonjwa yake, kazi iende. Shamimu akasema hapana. Neno lilimtoka kabla hajaliandaa. "Mmoja mmoja, daktari. Kwenye chumba cha chanjo. Mlango ufungwe." Daktari akaduwaa, akampisha.

Walikaa humo saa nyingi. Fredrick alikuwa kwenye simu, sauti yake ikitoka juu ya meza. Shamimu alisoma tarehe, mzee akasema, "Hiyo yangu, siku hiyo mvua ilinyesha," au, "Hiyo si yangu, mie choo changu kizuri." Bi Mwanahawa alidai pumu yake na akajaribu kudai na miwani ya Mzee Mpate. Kadi moja baada ya nyingine ikachomoka kwenye lile fungu na kusimama yenyewe. Palipoandikwa namba ya simu, Shamimu aliacha wazi. Mstari haukuwaka mwekundu.

Mzee Suhaib aliingia akishikwa mkono na binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe sina sukari." Akakaa. "Na mie nilishaacha chai tamu siku mbili nzima."

Binti yake alimsubiri nje. Shamimu alifungua tarehe ya kwanza, akaiacha. "Baba, mie nilijua," alisema. "Nilijua toka Jumatatu kwamba kadi zimechanganyika. Sikusema."

Mzee Suhaib alilipapasa goti lake muda mrefu. "Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Mh." Hakuuliza aliogopa nini. "Na mie nilijua sina sukari. Yule binti alivyonigombeza nikaona aibu kubisha. Nikanywa." Alitazama kompyuta, akamtazama Shamimu, kama mtu aliyepewa hesabu isiyogawanyika. "Sasa hapo sijui tunafanyaje. Soma hiyo ya goti."

Wa mwisho alikuwa Bi Hamisa. Alipomaliza kuchukua presha yake hakuondoka. Alibaki kwenye kiti anajipepea na kadi ya chanjo. Ilikuwa saa kumi. Daktari akaingia, shati limelowa mgongoni, akainama kwenye kioo.

"Zimebaki ngapi?"

"Tarehe mbili tu, zote za kliniki ya wajawazito," Fredrick alisema kutoka kwenye simu. "Zinasubiri mwenyewe."

"Mjamzito yupi? Umesema hawa wote ni wazee." Daktari alimgeukia Shamimu. "Au kuna mwingine umemwekea namba yako?"

Chumba kikawa kidogo. Shamimu alisikia feni, na Noela huko nje anaburuta benchi.

"Hizo za kwangu," Bi Hamisa alisema.

"Bibi?"

"Niandikieni mie. Jumatatu si nilipewa hongera? Nimeshachekwa na kata nzima, kuchekwa tena hakuniui. Ziacheni kwangu, mfunge mashine, watu wakapumzike."

Hakumtazama mkwewe. Alikuwa anatazama bango la chanjo ukutani, kwa makini sana, kama anayetafuta jina lake humo. Shamimu aliuona ule ushungi uliofifia, ile mikono yenye alama za kisu cha mchicha, na akaelewa kwamba Jumatatu, katika kicheko kile chote, kulikuwa na mtu aliyehesabu nani hakucheka.

"Mama, ukiziacha kwako watakupa dawa za mjamzito," alisema taratibu. "Ndivyo ilivyoanza."

Akashika kipanya. Akaandika jina lake, Shamimu Kondo, akahamisha hudhurio la kwanza, akahamisha la pili. Kwenye namba ya simu akaweka namba yake. Akabonyeza hifadhi.

"Safi," Fredrick alisema, na hata yeye sauti ilishuka. "Kadi moja, mtu mmoja. Hongera, sista."

Daktari Adelard alikohoa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha, kama mtu anayerudi kwenye jambo analolifahamu, alilichukua faili la kijani akalifungua mbele ya Shamimu. "Kuna hii ya wakaguzi. Lazima pawe na jina. Andika kama zamani, tutengeneze mambo."

Shamimu alisoma safu zote, moja baada ya nyingine, kwa mara ya kwanza.

"Sitaandika mmiliki," alisema. "Mie si mwenyewe. Kama ni kushika kamba nitashika, kila siku, na kila toleo jipya nitalisoma. Lakini Fredrick alipwe ili awe analijaribu kwanza. Na jina lako, daktari, likae juu ya langu."

"Kamba gani?"

"Atakueleza mama."

Daktari alimtazama Bi Hamisa, akatazama karatasi, akatazama simu iliyokuwa imenyamaza mezani kana kwamba na yenyewe inasubiri. Mfukoni alikuwa na nakala ya ile barua ya maelezo ambayo Shamimu hakuwa ameijibu. Aliigusa, hakuitoa.

"Jumatatu njoo," alisema hatimaye.

"Nije kama nani, daktari?"

"Njoo kwanza."

*

Walirudi kwa miguu, wao wawili, maana bajaji ilikuwa imeondoka na Bi Mwanahawa. Kiwanjani kulikuwa na mechi. Magari yalijaa barabarani, na watu wa jezi waliwapita wakikimbilia geti. Shamimu alijaribu kuifikiria Jumatatu, akashindwa kujua ni siku ya kurudi kazini au ya kuchukua vitu vyake. Alijaribu kumfikiria Mzee Suhaib, kama amemsamehe au amechoka tu.

Bi Hamisa alinyoosha mkono akamvua mkoba begani, akautia begani kwake.

"Mama, mwepesi huo."

"Hata."

Wakatembea.

"Nilitaka kukwambia," Shamimu alianza. "Ni wiki—"

"Kumi na nne. Kesho kutwa kumi na tano. Nilisomewa dirishani, umesahau?" Alimvuta pembeni, gari likapita. "Mwishehe umwambie mwenyewe. Mie si mashine."